Meza ya Slava Katikati ya Njia ya Baiskeli

Mtaa wa Mierebi,
Vrbopolje.
11 Mei.

Mpendwa Dada Milijana,

Pokea salamu za mtu mwenye bahati kuliko wote katika ukoo wetu, yaani mimi binamu yako Svetozar. Nimepata Mercedes. Nyeupe, viti vya ngozi, imeniangukia karibu bure kutoka kwa Mjerumani mmoja aliyenogewa na maneno yangu. Kwa hiyo kabla hujasoma zaidi, tulia. Hata wakiifuta njia ya baiskeli, mama yako atapelekwa sokoni kama malkia.

Hujambo lakini? Shemeji hajambo? Na watoto, bado wanakula samaki wabichi asubuhi, au wamepata akili? Huko Malmö jua limeshakubali kutoka? Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unalalamika, nami nimeuambia ungoje zamu yake.

Barua yako nilimsomea Shangazi, pale unaposema njia ikiondolewa utamkatia tiketi aje kukaa nawe ghorofa ya saba. Alinyanyuka akaenda kulisha kuku waliokwisha kula. Unamjua mama yako, Desanka akilisha kuku mara mbili ujue kuna jambo.

Magoti yake ni yale yale. Kutoka mlangoni hadi getini anatokwa jasho, lakini mpandishe baiskeli, anarudi msichana. Kikapu cha mayai mbele, kitambaa kichwani, huyo kavuka daraja hadi sokoni. Bila ile njia itambidi apite katikati ya malori ya mahindi, na hilo hata mimi simruhusu, ingawa ruhusa yangu hajawahi kuiomba.

Sasa sikia walichofanya wakubwa wetu. Waliamua njia ifutwe, magari yapate pa kuegesha. Watu wakapinga. Wastaafu, walimu, hata padre na joho lake, kila jioni tulikuwa tunapita mbele ya ofisi ya mji tukipiga kengele za baiskeli. Siku moja jamaa mmoja akachungulia dirisha la gari lake: "Bibi, si ununue gari?" Mama yako hata hakusimama. "Nikinunua nitaegesha wapi, juu ya kichwa chako?"

Basi wakatafuta ujanja. Wakapanga mashine ya kukwangua rangi ya njia ije siku ya Mtakatifu Georgije, maana nusu ya mji siku hiyo wana slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, wamejifungia kwenye nyama na mishumaa. Nani atatoka kupinga? Ujanja mzuri, nakiri. Walisahau tu kwamba meza ina miguu.

Wazo la kuitoa meza lilikuwa langu. Haya, lilikuwa la mama yako, lakini mbebaji ni mimi, tena upande mzito. Tukaiweka katikati ya njia ya baiskeli, mbele ya geti: mshumaa, mkate wa sikukuu, bakuli la ngano tamu ya kuchemsha, chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda ya marehemu baba yako. Na kwa kuwa mwenye slava haketi mpaka wageni waishe, mimi nikasimama badala ya marehemu, na suti yake, inanibana tumboni.

Mashine ikafika inanguruma. Akashuka msimamizi, Radiša, jitu la kifua kama kabati.

"Mama, ondoeni meza. Nina kazi."

"Karibu, mgeni. Anza na ngano."

"Mimi si mgeni, mama. Nimekuja kukwangua rangi."

"Aliyefika kwenye meza ya mtakatifu ni mgeni. Au kwenu mgeni anaulizwa amefuata nini?"

Radiša akautazama mshumaa. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akachota kijiko. Halafu akasema kwa sauti ndogo isiyolingana na kile kifua, "Hata kwangu leo ni slava. Mke wangu hasemi na mimi tangu alfajiri."

"Mpigie aje," mama yako akasema, na mimi nikamjazia glasi.

Alikuja, dada. Kwa baiskeli, kwenye njia ile ile, sinia la keki limefungwa nyuma kwa kamba. Mumewe alipomwona anakuja salama, malori yanapita pembeni, akaitazama ile rangi nyekundu aliyotumwa kuikwangua, akanyoosha glasi nimwongeze.

Ndipo akatokea yule kijana wa polisi, mtoto wa Zagorka mshonaji. Anajikaza.

"Shangazi, mna kibali cha mkutano?"

"Mkutano gani, mwanangu? Muulize yeyote hapa kama nimemwalika."

Akauliza kweli, maskini. Mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyealikwa, maana slava tangu lini ina mwaliko? Watu huja wenyewe. Akafunga kidaftari chake, akala ngano.

Mwisho akaja mkubwa mmoja wa ofisi ya mji, uso mwekundu. "Radiša, washa mashine!"

"Nimekunywa, bosi."

"Washa nakwambia."

Yule kijana wa polisi akajifuta mdomo. "Akigusa usukani namkamata. Sheria ni sheria."

Jinsi watu walivyocheka, nilidhani mshumaa utazimika. Majirani wakatoa meza zao, wakaziunga na yetu hadi kwenye duka la mikate, na mkubwa naye alipoondoka alikuwa na kipande cha keki mkononi. Hakuna aliyemlazimisha.

Kesho yake wakatangaza kazi imesimama mpaka madiwani wapige kura baada ya mavuno. Nisikudanganye hapa: hatujashinda, tumepata kiangazi tu. Ndiyo maana kila asubuhi mtaa mzima tunaitumia njia hiyo, wenye safari na wasio na safari, waione imejaa. Mama yako yuko mbele ya wote. Jana aliniambia, "Mwandikie mwanangu nampenda sana, lakini ghorofa ya saba nitafuga kuku wapi?" Usimkatie tiketi, dada. Njoo wewe vuli, usimame nasi siku ya kura. Wakikuona umetoka mbali hivyo, huenda wakaona haya.

Msalimie shemeji, mwambie rakija yake nimemwekea, kama haijaisha. Wabusu watoto. Padre anakusalimu, na Radiša na mkewe pia, ingawa hawakujui. Sasa ni watu wa nyumbani. Mungu awalinde huko kwenye baridi, na Mtakatifu Georgije awafungulie barabara kila mwendapo.

Ni mimi ndugu yako akupendaye, hata usipojibu haraka,
Svetozar

Tena, dada: ile Mercedes ni uongo. Sina gari. Wakiifuta njia, sina cha kumpakia mama yako.