Bibi Ananiita Mayu

Somanda, Bariadi
Jumatatu jioni

Kwako mama mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umepunguza kuuma. Mimi mwili hauna neno, ila kichwa kimejaa mambo nisiyojua niyaweke wapi. Kwa simu ningesema ni salama tu, halafu ningelia. Ndiyo maana naandika.

Nilifika jana usiku, bibi akiwa amelala, na leo nimeanza shule. Tangu nikiwa huko Kisumu nilikariri kwamba kwa Wasukuma mdogo ndiye anayetangulia kusalimia, na msichana hupiga goti. Basi asubuhi nilitoka na sare yangu mpya, nikamkuta bibi Kabula anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye akapiga goti. Akasema, "Mwangaluka, mayu." Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, na mayu ni mama. Mama, bibi mzaa baba alinipigia goti mimi! Nilidhani uzee umemchanganya. Nikamwinua, nikamwambia taratibu, kama mtu anavyosema na mgonjwa, kwamba mimi si mama yake, mimi ni Nancy, mtoto wa marehemu mwanawe Marcelo. Akajipangusa vumbi la magoti, akarudi kwenye viazi vyake.

Shuleni kila mwanafunzi alikuja na fagio isipokuwa mimi. Kijana mmoja wa darasa letu, Josia, aliuliza kwa sauti kama huko Kenya watu wanafagia kwa kalamu. Wote walicheka, nami nikacheka baada yao. Kisha akafungua fagio lake akanigawia nusu, kwa hiyo sijui kama ananichukia au vipi. Mwalimu wa darasa aliniuliza jina, nikasema Nancy. Akauliza la nyumbani, nikasema sina. Alisema kila mtu analo. Nilikaa nikasoma ukurasa uleule wa Jiografia mpaka kengele, sikuelewa hata mstari.

Niliporudi nilimkuta shangazi Elizabeth jikoni amenuna. Bibi alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilipomweleza yaliyotokea, shangazi alijishika kichwa, akaniuliza kama kweli sijui mimi ni nani. Ndipo akanieleza kwamba mama yake bibi aliitwa Nyamizi. Nilipozaliwa nililia mchana na usiku, dawa za hospitali hazikusaidia, mpaka baba alipopiga simu huku akaambiwa aniite jina hilo. Akaniita, nikanyamaza. Tangu hapo, kwa bibi, mimi ni mama yake, na miaka yote hii amengoja kunisalimia. Sasa mama yake amekuja, na amemwambia hamjui.

Mama, kwa nini hukuniambia? Shangazi anasema hukulitaka jina hilo kwa sababu kanisani kwenu mnakataa majina ya wafu. Sijui nani ana haki. Hata sijui kama naamini kwamba jina linaweza kumnyamazisha mtoto. Labda nilikuwa nimechoka tu kulia.

Ila nakuomba usinikasirikie kwa nililofanya baadaye. Nilipakua ugali na mlenda, nikamfuata bibi nyuma ya nyumba. Sikupiga goti. Nilisimama mbele yake, nikasema, "Kabula mwanangu, kula." Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakusikia. Lakini akanyoosha mikono nimnawishe. Akala. Kisha akadeka kama mtoto, akalalamika kwamba mlenda hauna chumvi, na kwamba mama yake tangu zamani hakujua kupika. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho nitakwenda na fagio langu. Mwalimu akiniuliza tena jina la nyumbani, sijui nitajibu nini. Nataka kwanza nisikie kutoka kwako.

Mpe salamu mdogo wangu Constantine, na umwambie asiguse vitabu vyangu. Shangazi anakusalimu. Bibi naye anakusalimu sana. Anasema kwa kuwa wewe umemzaa mama yake, basi wewe ni bibi yake, na mjukuu anaomba kanga.

Ni mimi mwanao,
Nancy, ambaye hapa wananiita Nyamizi.