Sentensi za Makaa Kwenye Ukuta wa Jikoni

Kaka yangu Kioko, popote lori litakapokuwa limesimama ukiisoma hii,

Sijui anwani yako, ndiyo maana barua hii haina bahasha. Nimeitoa nakala hapa mjini Machakos, na kesho nitazipeleka Mlolongo niwaachie madereva wanaopanga foleni kwenye mizani ya malori pamoja na wenye vibanda vya chai. Atakayeisoma kabla yako asome tu, mradi aifikishe. Mama Ndunge, jirani yetu, aliapa kwamba alikuona pale mwaka jana ukifunga turubai juu ya lori la simiti, umenenepa na kufuga ndevu. Alipokuita ulipanda ndani mkaondoka. Kioko, Mwaitu, mama yetu, anakufa. Nimeanza na hilo kwa sababu sijui utasoma mpaka wapi kabla ya kuikunja.

Unaukumbuka ukuta wa jikoni? Ulikuwa darasa la nane, mimi la tano, na Kiingereza changu kilikuwa aibu ya ukoo mzima. Uliokota kaa lililozimika ukachora safu tatu ukutani: nani, anafanya nini, kitu gani. Ulisema watoto wa kitabuni wanaocheza kwenye theluji hawatanisaidia, kwa hiyo ukaandika mambo ya kwetu. "Mother is cooking." Na kweli Mwaitu alikuwa hapo hapo akigeuza muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, sufuriani. "Mother cooks every day." Kisha sufuria ilipoteremshwa, ukaandika, "Mother has cooked." Mama mmoja, sufuria moja, ukanionyesha jinsi Mwingereza anavyotenga kinachofanyika sasa hivi, kinachofanyika kila siku, na kilichokwisha kuwa tayari.

"Wewe Mwende, wacha kuokota maneno moja moja kama maharagwe," uliniambia. "Shika ule mtindo wa sentensi. Ukishaushika, unabadilisha watu tu."

Mwaitu, asiyejua hata herufi moja, alitaka kujua kila mstari unasemaje. Ulipomfasiria alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. "Kwani ni mimi tu niko na kazi hii nyumba? Huyo Mwende hamwandiki?" Ukaongeza chini, "Mwende is sleeping," nami nikakurushia gunzi.

Ule mwaka mahindi yalipokauka yakiwa magotini, uliandika sentensi ndefu kuliko zote: "If it had rained, we would have harvested." Ulinieleza kwamba mtindo huo ni wa jambo lililokwisha kupita, ambalo huwezi tena kulirekebisha, unaweza kulisikitikia tu. Mwaitu alipofasiriwa kwamba mvua ingalinyesha tungalivuna, alichochea moto. "Basi hata Wazungu wanajua ukame," akasema. Tulicheka sote watatu. Sijacheka namna ile tena, Kioko, na sababu ninayo mimi mwenyewe.

Unaijua habari ya monto, lakini wengine watakaoisoma barua hii huenda hawaijui. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba. Mwanafunzi aliyesikika akisema Kikamba alivikwa shingoni, naye alitakiwa kumtega mwenzake na kumvika, hata kama ni nyumbani, hata kama ni siku ya mapumziko. Aliyekutwa nayo Jumatatu kwenye paredi ndiye aliyechapwa mbele ya shule nzima. Ijumaa ile nilivikwa mimi. Nililala nayo chini ya mto.

Jumamosi asubuhi Mwaitu alikuwa akipanda kutoka kwenye kisima cha mchangani, mtungi mgongoni, kamba ya kubebea kwenye paji la uso. Aliteleza kwenye tuta la pili la shamba tulilokuwa tukilima. Ulitupa jembe ukashuka mbio ukiita kwa Kikamba, "Mwaitu! Mwaitu!" Uliita na kuita, naye hakuitika, amelala kifudifudi, maji yakimtiririkia. Ulipiga magoti umgeuze. Nilikuwa nyuma yako. Shingo yako ilikuwa imeinama, nami nikakuvika monto.

Sikukusukuma, sikusema neno. Niliifunga tu kamba kama mtu anayemfunga mbuzi. Uligeuka ukanitazama mara moja, halafu ukaendelea kumwinua mama yetu.

Jumatatu naibu wa mwalimu mkuu alikuuliza ulisema nini kwa Kikamba, ueleze kwa Kiingereza mbele ya wote. Wewe uliyeisema lugha hiyo vizuri kuliko baadhi ya walimu wetu! Ungejibu tu kwamba mama yako alianguka ukamwita. Ulikaa kimya. Nilikuwa kwenye mstari wa darasa la tano, ningeweza kutoka nikasema, lakini nilitazama vidole vyangu vya miguu. Ulichapwa, ukachukua mkoba wako, ukapita getini. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umebakiza wiki chache. Tulisikia uko machimbo ya mawe Mlolongo, baadaye tukasikia uko kwenye malori, baadaye hatukusikia kitu.

Mwaitu alipata fahamu hospitalini ukiwa umeshaondoka; mguu ulioumia ulipona lakini akabaki anachechemea. Aliamini ulikimbia kwa sababu uliona atakuwa mzigo, na wewe ndiye mkubwa. Aliwaambia watu, "Alifanya vizuri, kijana hawezi kukaa akichunga kiwete." Nilimsikia akisema hivyo mwaka baada ya mwaka, nikaendelea kula chakula chake. Kila mwaka kabla ya mvua alizipaka udongo kuta tatu za jikoni, ule wa nne hakuugusa. Alinisimamisha pale nimsomee ulichoandika, nami nilimsomea, Kioko. Nilimsomea kwa sauti nzuri kabisa.

Sasa yuko wodini katika hospitali kuu ya hapa Machakos, figo zimekataa. Mimi ninashona nguo kiwandani Athi River, na nikitoka zamu nakuja na nyuzi zimenigandia kwenye sketi, kwa hiyo daktari aliniona mtu wa kutojua Kiingereza. Alimwambia nesi mbele yangu, "We have done everything we can." Nikaitambua sentensi yako, ile ya sufuria iliyokwisha kuteremshwa. Akaanza nyingine, "If she had come earlier..." Nikatoka nje kabla hajaimaliza, maana ni ile ya mvua, najua inavyomalizika. Nilisimama kwenye korido nikakulaani kwa kunifundisha, halafu nikajilaani mimi.

Jana nilimwambia yote. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza habari ya monto, ya tuta, ya paredi. Nilingoja anifukuze, na ningeenda.

Aliuliza kitu kimoja. "Kumbe aliniita?"

"Alikuita sana, Mwaitu."

"Na mimi sikuitika?"

"Ulikuwa umezimia."

"Miaka hii yote nilijua aliniona nimeanguka, akaenda," akasema. "Hakuna mtu aliniambia aliniita." Kisha machozi yakaanza kumtoka. Baadaye mlango wa wodi ulifunguliwa, mtu akapita na toroli ya chakula. Mwaitu aliinua kichwa kutoka kwenye mto akaitika kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Nilimwambia ni chakula tu. Akalaza kichwa.

Tangu hapo kila mlango unapofunguliwa anaitika, akiingia nesi, akiingia mfagiaji, upepo ukiusukuma. Sauti inapungua. Leo asubuhi ilinibidi niinamishe sikio ndipo niisikie.

Usinisamehe kama huwezi. Ukitaka nisiwepo utakapofika, nitakaa nje getini. Lakini shuka kwenye hilo lori, Kioko, nakusihi, mwachie mwenzako usukani. Wodi ya wanawake, kitanda cha kwanza ukiingia, tumemsogeza karibu na mlango kwa sababu yako. Simama hapo umwite kama ulivyomwita siku ile, kwa Kikamba, mara moja tu. Bado anaweza kuitika.

Dada yako mdogo, niliyekuvika ile monto,
Mwende