Shemeji na Swichi ya Simu

Mwenzangu, shemeji nusura atuulie mama! Yule mume wa dada, bingwa wa kila kitu.

Kaja leo na swichi ya kuwasha taa kwa simu. Sebule imejaa wageni, naye kafungua swichi ya ukutani, kakuta waya wa umeme, waya wa taa na ule wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea. Swichi yake inataka waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme. Haupo! Nyumba ya zamani hii.

Angeacha? Thubutu! Kachomeka ethi mahali pa nyutro. "Waya ni waya," anasema. Waya ni waya!

Taa ikawaka, makofi, kifua mbele. Mama kugusa friji tu, ukelele! Jagi chini. Mzima, ila kapigwa na umeme!

Fundi wa jirani kagusa friji kwa testa ya kupimia umeme, kitaa chake kikawaka. "Ethi ya hapa haishiki vizuri ardhini. Umepeleka umeme kwenye vyuma vyote vilivyoungwa nayo. Na swichi zisizotaka nyutro zipo, ungeuliza tu!"

Shemeji eti friji ndiyo mbovu.

Mama akasema, "Haya baba, ifungue basi."

Mwenzangu! Kaenda kwanza kuzima umeme wa nyumba nzima.