Mti wa Tanga Uliosindikizwa Tabora

Shangazi mpendwa, shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu.

Nilitumwa Tabora kuchukua mti mpya wa kushikilia tanga kwa chini, maana ule wa mashua kuukuu ya ofisi yetu Kigoma umevunjika. Fundi aliuchonga kwa mninga. Nikaogopa usije ukakwaruzwa, nikauzungushia shuka jeupe, mimi na fundi tukaubeba mabegani kwenda stesheni.

Tulipopita sokoni wanaume wakaacha biashara, wakaja kutupokea mzigo kwa zamu, kama wafanyavyo kwa jeneza. Nikaona aibu kuwakatiza, nikafuata nyuma.

“Marehemu alikuwa mrefu,” mmoja akanong'ona.

“Na mwembamba. Ameugua sana, maskini.”

Walipokata kona ya makaburini, nikasikia honi ya treni. Hofu ya bosi ikashinda aibu. “Samahanini wazee wangu, huu ni mti. Unakwenda Kigoma.”

Wakasimama. Muuza kahawa aliyekuwa mbele akaniangalia, kisha akasema, “Geuzeni. Tumeshamnyanyua, hatumwachi njiani.”

Wakaukimbiza mpaka kwenye behewa. Sasa abiria wote wananipa pole, nami nimechoka kueleza, naitikia tu.

Ugua pole, Shangazi. Nikifika nitakutumia samaki wakavu, wale migebuka.

Mwanao, Yusufu