Mwenye Kengele

Jumatano, 28 Septemba 1955. Iringa.

Nimefika kwa Mika salama. Vumbi la njiani nimekula kuliko chakula. Mwanangu amenenepa – kazi ya utingo wa lori inamfaa, naona. Anakaa chumba kimoja na Philbert, Mhehe, fundi baiskeli. Kahawa mwaka huu imeitikia vizuri, nami nimesema nanunua baiskeli, sasa au basi. Mzee wa kanisa hawezi kumalizia uzee wake kwa miguu, na makanisa yetu yametupwa kila kilima!

Jioni Philbert akanitia darasani. Baiskeli huichagui kwa macho, akasema, unaichagua kwa njia utakayopita. Kwenu kuna mlima? Mlima mtupu. Mvua? Karibu mwaka mzima. Utabeba nini? Biblia na kahawa. Akacheka. Basi chukua fremu nene, keria pana ya chuma, na breki zijaribu mpaka mwenye duka akuchukie. Madigadi ya mbele achana nayo, udongo utakusumbua. Na kengele ni pambo tu, Mungu amekupa mdomo.

Hapo kwenye kengele hatukuelewana! Philbert hajui mambo ya nyumbani kwangu. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ikupa, mke wa Mika, yuko kwangu tangu mwaka juzi na uso wake siujui. Sauti yake siijui. Akisikia naja anatoka njiani, anageuka, anajifunika kichwa. Jina langu halitamki. Misheni wanasema kuonana si dhambi. Najua si dhambi. Ni heshima, na binti yule amelelewa. Mpaka sasa nakohoa njiani ili ajue ninakuja – koo limeota sugu kwa kukohoa. Sasa baiskeli inakwenda kimya kimya. Nitamtokea ghafla mtoni! Kwa hiyo kengele kwanza, baiskeli ifuate.

Kabla ya kulala Mika akasema neno. Mkewe ana mimba, Krismasi haitapita kabla hajajifungua. "Baba, keria iwe imara." Sote tunakumbuka mwaka jana. Wanaume wanne, Ikupa kwenye machela, asubuhi nzima wanashuka kwenda hospitali ya misheni, na walipofika mtoto alikwisha kufa tumboni. Safari hii Mika atakuja na lori mwezi wa Desemba. Asipofika, atafutwe mtu wa kumpakia kwenye baiskeli. Mtu mwingine, si mimi. Mkamwana nyuma ya mgongo wangu! Hata kuliandika naona haya.

Jumamosi, 1 Oktoba. Mbeya.

NIMENUNUA!

Dukani zimening'inizwa darini kama nyama buchani. Ya kwanza ilikuwa ya kijani, nzuri, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Nikaikalia – mgongo ukainama kama mtu anayepalilia ulezi. Hapana. Ya pili tairi nyembamba, ya kijana wa mjini. Hapana. Ya tatu, nyeusi, imesimama pembeni haisemi kitu. Kizuri chajiuza! Fremu ina bomba mbili juu. Keria pana, unaweza kulaza mbuzi. Nikaishusha mteremko ule wa mbele ya duka nikabana breki, nikashusha tena, nikabana tena. Mwenye duka alianza kunichukia, ndipo nikajua Philbert angefurahi.

Halafu kengele. Nikaomba zote alizonazo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anauza viazi – nikamwomba ainue mkono kila akisikia. Ndogo ya kwanza, mkono chini. Ya pili, mkono chini. Ile kubwa ya milio miwili, ndi-ndoo, mama akainua mikono yote miwili na watu sokoni wakageuka. Hiyo hiyo!

Nikachukua na dinamo, pampu, na mfuko wa spana. Na kioo cha kuonea nyuma. Kioo sikukihitaji. Niliona ndevu zangu humo nikazipenda. Na madigadi ya mbele nimeiacha palepale ilipo, samahani Philbert, baiskeli bila madigadi ni jogoo bila mkia.

Jumatatu, 3 Oktoba. Nyumbani.

Mama Mika ameizunguka baiskeli kama anayekagua ng'ombe wa mahari. "Baba Mika, hiki kioo ni cha nini? Unataka kuona uzuri wako ama?" Mke wangu Damari haniachii hata siku moja. Nikamjibu ni kwa usalama. Akasema, haya, usalama wa ndevu.

Nilipiga kengele tangu kwenye migomba ya chini. Nilipofika uani hapakuwa na mtu, ila ufagio umelazwa chini na uwanja umefagiliwa mistari mistari, imenyooka. Ikupa huyo. Namjua kwa mistari ya ufagio wake. Namjua kwa jani la mgomba anavyolifunga juu ya chakula changu, fundo dogo, halifunguki ovyo. Mtu unaweza kumjua sana bila kumwona.

Jumapili, 23 Oktoba.

Leo nimezunguka makanisa mawili na kurudi kabla ya mvua. Mlimani naikokota, mteremkoni inanikokota yenyewe – ndoa nzuri hii! Kila mtu ananiamkia. Wengine wanaiamkia baiskeli kwanza.

Jambo moja. Kila asubuhi naikuta imeng'aa. Rimu zimesuguliwa kwa majivu, spoki moja moja, hata chini ya pedeli ambako hakuna anayetazama. Nikamshukuru Damari. Akacheka: "Mimi? Mimi nina kazi zangu. Ni mkamwana wako, na tumbo lake lile." Tena Ikupa ameshona kitambaa cha kiti, kwa uzi mwekundu, ua la kahawa pembeni. Nilikaa juu yake kwenda kanisani kwa adabu, kama nimekalia zawadi.

Lakini ametuma lalamiko, kwa mdomo wa Damari. Kwanza anasema kengele ni njema, inamfikia mtoni, anapata muda wa kuweka ndoo chini. Jina langu halitamki, sasa ananiita Mwenye Kengele. Ila kile kioo kinamtisha. Yeye amenipa mgongo kwa heshima, mimi nimepita, naye akigeuka – kioo bado kinamtazama! Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaona haya, maana ni kweli. Sasa nikikaribia nyumbani nakivika kofia yangu.

Alhamisi, 17 Novemba.

Mvua. Mvua. Udongo unaingia kati ya tairi na madigadi ya mbele, gurudumu linagoma. Philbert alisema! Sikumsikia. Nimefunga kijiti kwenye fremu cha kuuchokonolea. Dukani hakiuzwi hicho, nacho natumia kuliko dinamo.

Mwalimu Asukile, jirani yetu, amekubali kumpakia Ikupa siku ikifika, kama Mika hayupo. Jioni anafanya mazoezi na gunia la viazi kwenye keria yangu. Leo amelala mtaroni yeye na viazi. Nilitazama fremu kwanza, ndipo nikamtazama Mwalimu. Mungu anisamehe.

Ikupa ameshona mto wa keria, umejazwa majani makavu ya migomba, na kamba za kuufungia nne. Nimeukuta umefungwa tayari. Hakuna aliyemwambia. Anajua keria ile ni ya nani. Nilijaribu mafundo yote manne, hayafunguki ovyo.

Jumatano, 7 Desemba.

Utingo wa basi ameleta habari: lori la Mika limekwama huko njia ya Iringa, barabara imekatika. Anatafuta namna ya kuja. Mwalimu Asukile yuko Mbeya kwenye mkutano wa walimu, atarudi Jumatatu. Damari anasema tusiwe na wasiwasi, siku bado.

Nimepaka cheni mafuta. Nimebana breki upya.

Jumamosi, 10 Desemba. Hospitali ya misheni, barazani.

Naandika kwa penseli, daftari limelowa. Niandike tu, nisije nikasimama mlangoni pale ambapo mwanamume hana kazi.

Asubuhi ukungu ulifunga hata migomba haionekani. Damari akaja mbio. Imeanza, akasema, na imeanza vibaya. Wanaume wote walikwenda msibani ng'ambo ya mto tangu jana, na mto umejaa, hawarudi. Machela ipo, wa kuibeba hakuna. Nikabaki nimeshika kofia.

"Baba Mika, una baiskeli, una miguu. Unangoja nini?"

Nikamwambia, Mama Mika, mwiko unaujua. Akaniambia anaujua, na kaburi la mwaka jana pia analijua. Akaingia ndani. Akatoka. "Anakataa. Anasema hapandi nyuma ya Mwenye Kengele, bora afie humu humu."

Sikukasirika. Nasema kweli, hata saa ile nilimheshimu. Nilichukua spana, nikafungua kioo changu, nikakiweka kizingitini kimelala kifudifudi mahali atakapokiona. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasali maneno yasiyo na mpango. Kitambo kidogo Damari akaita. "Anasema atapanda, lakini ataangalia nyuma. Mgongo kwa mgongo."

Wazo lake mwenyewe, katikati ya uchungu! Mimi mzee wa kanisa nisingelipata hata kwa kufunga siku tatu.

Nilikalia kiti, nikatazama mbele, sikugeuza shingo. Damari akampandisha, akamfunika kichwa, akamfunga kwa kitenge kwenye nguzo ya kiti changu. Mgongo wake ukagusa wangu. Ulikuwa wa moto na ulikuwa mwembamba. Sikuwahi kujua kwamba ni mdogo vile. Nikamwambia Damari amwambie: kengele mara moja, shika sana. Mara mbili, tunapumzika. Naye akitaka tusimame agonge chuma cha keria. Basi tukaondoka. Damari alikimbia nyuma na mzigo wa nguo, lakini kwenye tope lile tulimwacha.

Njia yote hatukusemezana. Mteremko wa kwanza – kengele, shika sana. Alishika. Fremu haikulalamika, bomba mbili zile, Mungu ambariki aliyezichomelea. Udongo ukaziba madigadi, kijiti kikavunjika, nikashuka nikaing'oa madigadi kwa mikono nikaitupa kwenye migomba. Pambo limekwisha! Kupanda nilikokota, yeye juu, mimi macho chini kwenye tairi. Uchungu ukija anagonga chuma. Ngo. Nasimama. Ukipita anagonga tena, tunaendelea. Kugonga kukaanza kufuatana. Mwanzoni naweza kumaliza Baba Yetu nzima katikati, baadaye nusu, baadaye sifiki hata kwenye mkate wetu. Na hakulia. Ukungu umetuzunguka, hamna wa kumsikia ila mimi, na ndiyo sababu hakulia. Wanaume wangapi nawajua wanalia kwa jino!

Kwenye mteremko wa mwisho breki zilianza kuteleza kwa maji. Nilipiga kengele mara moja, nikapiga tena mara moja, nikaburuza viatu. Kisigino kimekwisha. Tumefika.

Nilitazama mikaratusi mpaka walipomwingiza ndani. Muuguzi ni Verediana, binti wa Kihehe, kasema kwao ni karibu na Tosamaganga. Alitoka kuuliza nani amemleta mgonjwa, maana jina amemwuliza, naye anajibu tu, Mwenye Kengele. Nikamweleza. Hakucheka. Akasema hata kwao mkwe ni mkwe. Kisha akaniambia mtoto amekingama tumboni, daktari ameitwa. Nikamwuliza, bado yu hai? Akasema moyo wanausikia. Akaingia.

Nimefuta tope kwenye spoki kwa leso yangu. Zote. Hata chini ya pedeli.

Damari hajafika. Mika hayupo. Ndani kumekuwa na haraka ya miguu, kisha kimya.

Verediana ametoka tena. Uso hausemi jambo. "Baba, anauliza kama umeondoka."

Nikasema, mwambie nipo, nitakwenda wapi.

"Nimemwambia. Hasadiki. Anasema kama kweli yupo, apige kengele."

Nikamwonyesha kibao ukutani: KIMYA. Akakitazama. Akanitazama mimi, na kiatu changu kisicho na kisigino. "Piga, baba."

Tangu Oktoba hadi jana kengele hii imemwambia yule binti neno moja tu, ondoka, nakuja.

Nimepiga. Mara moja. Shika sana.

Wagonjwa wamegeuza vichwa. Mtu amefungua dirisha. Kimya. Nimekaza masikio mpaka yanauma.

Ngo. Chuma cha kitanda.

Napiga tena.