Gambuti Moja, Miguu Minne

Hapa kwa dobi, Jumatatu 3 Juni 1996

Kwa wewe wa mchana,

Salamu. Natumai huna homa, maana mtu anayeacha gambuti za mpira zikiwa na maji ndani anamtafutia mwenzake homa. Mimi ndiye wa asubuhi, saa moja mpaka saa sita. Wewe ukiingia saa saba mimi nimeshaondoka, ndiyo maana hatujuani hata sura. Lakini Lusweti, msimamizi wetu, anasema gambuti ni za nafasi, si za mtu, kwa hivyo wewe na mimi tunavaa hizi hizi. Tafadhali, ukimaliza kufua uzipindue zikauke. Na hayo magazeti unayosokota kwenye ncha, yatoe. Leo nimefua mashuka ya watu asubuhi nzima vidole vikiwa vimekunjwa.

Mwenzako wa asubuhi,
Akeyo


Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Sasa dada Akeyo,

Niko poa, homa sina, asante kwa kuuliza hivyo vizuri! Pole kwa maji. Mguu wangu ni namba nne na gambuti ni namba saba. Nisiposokota gazeti, natembea, zenyewe zinabaki nyuma kwenye povu. Sasa nimeamua gazeti litakuwa barua. Ukiitoa, isome. Mimi ni Nthenya, naishi Kawangware. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi niko darasa la ushonaji, na Novemba nafanya mtihani. Ndiyo nikachukua hii nusu siku. Na wewe, mchana uko na nini?

Mdogo wako wa mchana,
Nthenya


Jumatano 5 Juni

Mdogo wangu,

Habari za Kawangware? Huku Lindi ya Kibera tumeamka, ndiyo habari yenyewe. Mchana niko na mtoto. Anaitwa Adhis, ana miaka minane, na miguu yake haina nguvu tangu augue akiwa mdogo. Nikimwacha kitandani, ndipo nitakapomkuta. Asubuhi jirani yangu Musimbi anakaa naye, lakini saa saba Musimbi anaenda kuuza mboga stendi ya Olympic, kwa hivyo lazima niwe nimefika.

Lile kadibodi la langoni liliandikwa, "Kazi ya nusu siku, wenye shughuli zingine mnakaribishwa." Nilicheka, yawa! Nani hapa Kibera hana shughuli zingine?

Gambuti leo zilikuwa kavu. Asante.

Dada yako,
Akeyo


Jumatatu 24 Juni

Nthenya mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nimechoka tu, si ugonjwa. Umeuliza kama Musimbi amerudi kutoka kwa mazishi ya babake huko Vihiga. Hatarudi. Mamake amebaki peke yake. Lakini usijali, nimepata mtu mwingine wa kukaa na Adhis. Wewe soma mtihani wako.

Dada yako,
Akeyo


Jumatano 3 Julai, jioni

Akeyo,

Leo salamu zimenishinda. Hii naiweka kwenye mfuko wa aproni yetu kwa sababu gambuti hazipo. Umeenda nazo! Nimesimama kwenye maji moto ya dawa miguu mitupu tangu saa saba, na ngozi imetoka katikati ya vidole. Lusweti anasema ulitoka hapa saa nne mbio bila kuaga, na ukirudia tena nafasi yako anampa mtu mwingine. Ni nini hiyo sasa? Mimi nilidhani tunachungana.

Nthenya


Alhamisi 4 Julai

Mdogo wangu,

Miguu yako iko aje? Nimekufungia mafuta ya kupaka kwenye karatasi ya nailoni, iko ndani ya gambuti ya kulia. Lusweti nimemwomba msamaha. Wewe nakuomba kwa barua, na nitakuambia ukweli, maana uongo umenichosha kuliko kufua.

Sikupata mtu wa kukaa na Adhis. Tangu Musimbi aende, mimi hufunga mlango kwa nje. Nikiuacha wazi, mtu yeyote anaweza kuingia, na yeye hawezi hata kutambaa. Namwekea chai na redio, namwambia asiitike hata akiitwa jina, kisha namfungia mtoto wangu kwa kufuli kama baiskeli.

Jana saa nne mtu alisema pale langoni kwamba Soweto West inaungua. Soweto West na kwetu si mbali. Sijui nilipita wapi. Moto haukufika Lindi, lakini mimi nilifika nikiwa na gambuti miguuni, na ufunguo nikauingiza kinyume mara mbili. Yeye huko ndani akaniambia, "Mama, pole pole. Mimi siendi mahali."

Na leo nimemfungia tena. Nikiacha kazi hatuli. Ukitaka kuniita mama mbaya, niite, mimi nimeshajiita.

Akeyo


Jumatano 10 Julai

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Kila asubuhi natoa karatasi kwenye ncha ya gambuti nakuta ni gazeti tupu, bei ya mahindi na matangazo ya vifo. Silalamiki. Hata mimi sijui ningemwandikia nini mwanamke kama mimi.

Adhis hajambo. Ameanza kuimba kawimbo nisikokajua, na jana nimekuta kifungo cha sweta yangu kimeshonwa. Nikamuuliza sindano ametoa wapi, akasema ameokota. Ataokotea wapi, kitandani? Nimechoka hata kumgombeza.

Dada yako, kama bado,
Akeyo


Alhamisi 11 Julai, jioni

Dada Akeyo,

Sasa? Miguu yangu imepona, yale mafuta yalisaidia. Nilikasirika, siwezi kukudanganya. Kila barua niliyoanza niliirarua, nikakusokotea gazeti. Jumamosi asubuhi sina darasa, nikasema wacha niende nikamwone mama wa kufungia mtoto ndani anaishi wapi. Nilitembea kutoka Kawangware mpaka Lindi, nikauliza nyumba ya Mama Adhis, nikakuta kufuli. Nikabisha, kimya. Nikaita jina, kimya. Umemfundisha vizuri! Mwishowe nikasema, "Mimi ni Nthenya, yule wa gambuti." Ndani akauliza, "Yule wa miguu midogo?" Aiya! Nililia hapo nje watu wakinitazama.

Nilikaa mpaka saa tano. Jumanne nikarudi, na leo pia. Kuna tundu kwenye mabati, hapo karibu na kitanda chake, ndipo tunaongelea. Ndipo nilipompitishia sindano, uzi na vitambaa vya darasani. Usimgombeze, mimi ndiye nilimwambia asikuambie. Niliona aibu kwa vile nilivyokufikiria. Na mtoto ana mkono, dada! Anashona tundu la kifungo kunishinda.

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nitakuwa nakuja. Zile siku zingine tatu sina jibu. Nimefikiria kuacha darasa. Bado nafikiria.

Mdogo wako,
Nthenya


Ijumaa 12 Julai

Nthenya mdogo wangu,

Umeshindaje? Mimi nimesoma barua yako nikiwa nimeketi juu ya mashuka machafu. Lusweti ameniita mara tatu, akafikiri ninaumwa. Nikamwacha afikiri hivyo.

Darasa usiache. Ukiacha nitakuja Kawangware nikuchape, na sitatoa gambuti kwanza. Zile siku tatu zingine zitabaki zangu na kufuli langu. Hata sasa ninapoandika yuko ndani, na sijui mpaka lini. Nimechoka, Nthenya. Lakini leo asubuhi nilipokuwa namfungia aliniambia, "Kesho si Jumamosi?" Sikuelewa kwa nini anauliza. Sasa nimeelewa.

Kufuli lilikuja na funguo mbili. Ya pili nilikuwa naivaa shingoni, nikiogopa moja isije ikapotea siku ya moto. Leo nimeivua. Iko kwenye ncha ya gambuti ya kushoto, chini ya karatasi hii. Usivae kabla hujaitoa, itakuumiza.

Kesho usikae nje tena. Fungua, uingie. Chai nitaiacha kwenye chupa, na vikombe viwili.

Dada yako,
Akeyo