Mapaji ya Uso Matupu

Odemira, Ureno

Dada Sabitra,

Nakuamkia wewe na shemeji. Mimi mzima. Bado tunachuma matunda kwenye mabanda ya nailoni, na ndani kuna joto hata nje kukiwa na baridi. Chumbani tuko wanane, na Gurung ndiye mpishi kwa kuwa sisi wengine tunaunguza dengu.

Picha yenu ya sikukuu ya Dasain imenifikia, asante. Mama amekonda. Mdogo wetu Lokendra amevaa kofia ndani ya nyumba, na wewe umecheka kuliko kawaida yako. Ila sikuona tika kwenye paji la uso la mtu yeyote. Sisi hatuachi kubandikana ule mchele mwekundu kwa sababu ya mvua wala homa, Dada. Tunaacha mwaka ambao nyumba imefiwa.

Tangu Agosti kila nikipiga simu unaniambia, "Baba amelala, mwache apumzike." Nikawa namwacha.

Najua mlihofu ningekuja mbio kabla kibali changu hakijatoka, kisha nishindwe kurudi huku. Sina neno. Mwambie Lokendra avue kofia, kichwa alichonyoa kwa ajili ya Baba si siri tena.

Na mimi nimenyoa jana. Msimamizi akaniuliza, "Vipi wewe, una chawa?" Nikamwambia ndiyo. Akanipa dawa na siku moja ya kukaa chumbani nisiwaambukize wenzangu. Leo ndiyo siku hiyo, na ndiyo matanga yangu.

Mdogo wako,
Khemraj